Mbuzi Aliyeliwa Kabambare

Karatasi yenyewe ninayo mpaka leo. Imekunjwa mara nne ndani ya msahafu wa marehemu mama, mahali ambapo haistahili kukaa. Imepigwa chapa kwa Kifaransa, na chini ina muhuri wa ofisi ya mashtaka ya jeshi, Kasongo. Inasema kwamba mwanafunzi huyu amemaliza mafunzo yake ya kazi vizuri, anafika mapema, mwandiko wake ni safi, na anapotafsiri haongezi neno lake mwenyewe. Wajukuu wangu wakiiona wanafurahi na kutaka kuitia kwenye fremu. Mimi nikiiona najichukia, na kwa umri wangu huu nimeshachoka kujichukia.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho. Sisi Weusi tuliosoma sheria tulikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Likizo ilipofika, shule ilitutawanya katika ofisi za serikali tukajifunze kazi, tuliiita staji. Kwa kuwa mimi ni mtoto wa Kasongo, nilirudishwa kwetu, nikawekwa kambini kwenye ofisi inayoandaa kesi za askari. Tuliambiwa waziwazi kwamba asiyerudi na karatasi nzuri ya mkuu wa ofisi asihangaike kurudi darasani.

Mtaani kwetu wazee wa msikitini walianza kunisalimu kwa mikono miwili, kana kwamba nimeshakuwa kadhi. Baba, aliyekuwa na duka dogo la vitambaa, aliniletea viatu vyeusi vya ngozi vilivyonibana vidole. Nilitoka malengelenge, nikawa natembea kama bata huku nikijiona bwana mkubwa. Nacheka nikikumbuka viatu, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee cha kuchekwa katika habari hii.

Mkuu wa ofisi alikuwa Mbelgiji mwembamba, mtaratibu, ambaye wote tulimwita Komanda. Hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, ningepata wa kumlaumu. Hakumpiga mtu wala hakutukana, na kalamu zake alizichonga mwenyewe kila asubuhi. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: njoo, simama, nyamaza. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya washtakiwa na mashahidi, na kumtafsiria.

Wiki ya kwanza aliletwa askari aliyechelewa kurudi kutoka matangani. Nikajitia kimbelembele, nikamweleza Komanda kwamba kwetu mtu haondoki matangani kabla wazee hawajamruhusu. Komanda akaweka kalamu chini. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba nimekuja pale kujifunza sheria, si kuifundisha, na kwamba mkalimani anayeongeza neno ni sawa na shahidi wa uongo. Makarani wengine walikuwa wanasikia. Masikio yaliniwaka moto, nikaapa moyoni kwamba mtu huyu hatanisikia tena nikiongeza neno.

Kisha ikaja kesi ya koplo.

Alikuwa mtu wa Kabambare, mpole, mlinzi wa ghala la silaha. Pakiti moja ya risasi ilipungua wakati wa zamu yake. Baada ya wiki chache, sokoni Kabambare, akakamatwa mtu anayetunzia ugoro ndani ya ganda la risasi ya jeshi. Alisema ameliokota njiani. Koplo alipoulizwa, alijibu mara moja: ni mimi nilichukua. Alipoulizwa amempa nani, akanyamaza, na hakuna aliyemtoa neno tena. Kwa Komanda ukimya ule ulikuwa na maana moja: huyu anauza risasi kwa maadui wa serikali. Akishindwa kutaja wenzake, baraza la kijeshi lingempeleka kifungoni mbali, miaka mingi, na minyororo miguuni.

Nilitumwa mahabusu ili atie dole gumba kwenye maelezo yake. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka anasuka kamba kwa nyuzi za gunia.

“Karani, weye uko mutoto wa nani?” akaniuliza.

Nikamwambia. Aliposikia kwamba bibi yangu alizaliwa upande wa Wamaza, kabila lake yeye, uso wake ukafunguka. Akasogea, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mwezi ule ule risasi zilipopotea, mkwe wake, baba wa mke wake, alikuja kuwatembelea kambini, akalala siku mbili nyumbani mwake. Mkwe huyo ni mwindaji, ana gobori lake, na baruti ya risasi humfaa. Mkoba wa zamu ulikuwa umetundikwa ukutani, na pakiti ya risasi ndani.

“Basi sema hivyo,” nikamwambia. “Wewe utapata adhabu ndogo ya kubeba mkoba nyumbani. Yeye atahukumiwa na mahakama ya kwao, nayo si kali.”

Alinitazama kama mtu aliyesikia tusi. “Mukwe wangu? Nitamutaja na kinywa changu mbele ya wazungu? Andika ni miye. Ile ingine wazee watatengeneza kule kwetu.”

Wala hakuwa na huzuni. Alitia dole gumba, akarudi kwenye kamba yake.

Nilimwelewa, kwa sababu bibi alinilea. Kwao, aibu ya mkwe haitamkwi. Unaibeba wewe, na mkwe akijua umembebea, atatoka mwenyewe kuimaliza. Lakini haji na maneno. Anakuja na mbuzi, anamkabidhi kamba yule aliyeshika kesi, kwa mikono miwili, na ananyamaza. Aliyepokea kamba ndiye anayeuliza: mbuzi huyu ana neno gani? Hapo mkosaji anasema yote, mbele ya watu. Lakini kama aliyepokea hakuuliza, akachinja na kula, maana yake ni kwamba neno analijua na amelisamehe. Baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kulitaja tena. Bibi aliwahi kunizaba kofi nikiwa mdogo kwa kutaja ugomvi ambao mbuzi wake alishaliwa.

Komanda aliamua twende Kabambare kutafuta wanunuzi wa risasi. Tulikwenda kwa lori, askari wanne nyuma, vumbi mpaka kwenye meno. Tukafikia nyumba ya wageni ya serikali, na kwa siku mbili Komanda aliwahoji watu barazani. Hakuna aliyejua kitu. Mkwe wa koplo aliitwa naye kama wengine. Alikuwa mzee mrefu, kofia ya ukindu mkononi, macho chini. Kila swali alijibu, “Sijui, Bwana.” Nikaandika: hajui.

Siku ya tatu, jua la saa sita, alirudi bila kuitwa. Alikuwa na beberu mweupe mwenye sikio moja jeusi. Akampita askari wa mlangoni, akampita Komanda aliyekuwa anasoma karatasi, akaja mpaka kwenye meza yangu. Mimi ndiye niliyeshika kalamu na kusema lugha yake. Kwa hesabu yake, mwenye kesi ni mimi. Akaninyooshea kamba kwa mikono miwili.

Nikaipokea.

Nilijua. Naandika hivyo ili mtu asije akanitetea baadaye. Nilijua amekuja kusema nini, na nilijua swali ninalotakiwa kuuliza, nalo ni fupi kuliko maswali yote niliyouliza siku zile mbili. Mzee alikuwa amesimama, mdomo umefunguka kidogo, anangoja niulize.

Komanda akainua kichwa. “Ni nini hiyo?”

Ningemwambia nini? Subiri, Komanda, nimuulize mzee huyu mbuzi wake ana neno gani? Niliona ile kalamu ikiwekwa chini tena. Niliona karatasi yangu, darasa langu, baba na viatu vyake. Na sitasema uongo: niliwaza pia kwamba labda nitapata nafasi nzuri zaidi kesho.

“Zawadi,” nikasema.

“Mimi sipokei zawadi za mashahidi,” Komanda akajibu. “Wape askari wale, wamekula samaki mkavu tangu juzi.”

Mpishi wa nyumba ile alikuwa Mkristo, na askari wawili walikuwa Waislamu wasiokula alichochinja yeye. Akaniletea kisu. Nikavua viatu vile, nikamlaza beberu akielekea kibla, nikasoma bismillahi, nikachinja. Mzee alisimama kando ya barabara akitazama mpaka damu ilipokoma. Kisha akapiga makofi mawili ya polepole, kama kwao wanavyoshukuru, akageuka akaenda zake, na mwendo wake ulikuwa mwepesi kuliko alivyokuja.

Nililetewa maini. Nikayala. Yalikuwa matamu.

Kesho ile ya nafasi nzuri haikufika. Tulirudi Kasongo, na kila asubuhi nilikuwa natunga sentensi ya Kifaransa njiani, nzuri, yenye heshima, nikifika mlangoni kwa Komanda inayeyuka. Wakati mwingine nilijiambia kwamba hakimu mwenyewe atang'amua. Wakati mwingine nilijiambia koplo amechagua mwenyewe. Nilikuwa na sababu nyingi, zote za mtu mwoga, na nilizipanga vizuri, kwa kuwa ndicho nilichosomea.

Asubuhi ya hukumu niliwakuta nje ya uzio, mzee na binti yake, mke wa koplo. Walikuwa wametembea siku kadhaa kutoka Kabambare, miguu myekundu kwa vumbi mpaka magotini. Mwanamke alikuwa anatabasamu. Akanifungulia kitambaa, ndani mna shati jipya la rangi ya maziwa.

“Karani, mutu wangu anatoka saa ngapi? Nguo za askari watabakiza, atavaa hii mu njia.”

Hawakuja kusikiliza kesi. Kwao kesi iliisha siku ile mbuzi alipoliwa. Walikuja kumchukua mtu wao.

Hata hapo ningeweza kusema. Badala yake nikalipokea shati, nikawaambia, “Ngojeni hapa.”

Baraza lilikaa kwa muda mfupi sana, pungufu ya saa nzima. Maofisa watatu, bendera, feni isiyozunguka. Koplo alisema ni mimi. Nikatafsiri: ni yeye. Waliuliza alimpa nani, akanyamaza, nikatafsiri ukimya kwa kutikisa kichwa. Miaka saba. Ilibidi mimi ndiye nimwambie, kwa Kiswahili, na nilimwambia sawasawa bila kuongeza wala kupunguza.

Hakulia. Askari walipokuwa wanamfunga mnyororo, aliniinamia akauliza taratibu, kwa mshangao mtupu:

“Muzee hakuleta kitu?”

“Alileta.”

“Na weye ulipokea?”

“Nilipokea.”

“Ulimuuliza?”

Nikatazama viatu vyangu. Aliendelea kunitazama mpaka walipomvuta.

Walimtoa kwa mlango wa mbele, akawapita mkewe na mkwewe akiwa na chuma miguuni. Mwanamke alipiga ukelele mmoja, akakaa chini kwenye mchanga. Mzee hakumfuata koplo. Alinifuata mimi, nikiwa nimesimama kwenye ngazi na shati lao mkononi.

“Lakini mulikula,” akasema. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa kama anayenikumbusha. “Miye niliona na macho yangu. Weye mwenyewe ulichinja. Mulikula yote. Sasa munamufunga juu ya neno gani?”

Nikalikunja shati lile.

Ndipo akafanya jambo ambalo kwao mzee hafanyi, tena mbele ya binti yake na mbele ya askari waliokuwa wanapita. Alipaza sauti, akalitoa neno kwa kinywa chake.

“Ni miye nilikamata risasi! Ni miye, ndani ya nyumba ya mutoto wangu! Huyu hajui kitu. Mwambie Muzungu. Karani, mwambie!”

Kelele zile zilimtoa Komanda mlangoni, kofia mkononi. Alimtazama mzee, akanitazama mimi.

“Anasema nini?”

Nimeishi miaka mingi baada ya swali lile. Nimekuwa hakimu, nimehukumu watu, nimestaafu. Nimeulizwa maswali na wakubwa kuliko Komanda. Hakuna swali jingine ninalolisikia nikiwa peke yangu.

“Anamuaga mkwe wake,” nikasema.

Mzee hakujua Kifaransa. Aliposikia nimejibu, aliamini kwamba hatimaye nimelifikisha neno lake. Akashusha pumzi. Akavua kofia yake ya ukindu, akaiweka chini, akamgeukia Komanda na kumnyooshea mikono yote miwili, vifundo vimekutana, tayari kufungwa. Akangoja.

Komanda alidhani anaomba kitu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akarudi ndani kuandika karatasi yangu.