Mkono Uliochoka Upande wa Dirisha

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mwalimu Kopo anatikisa kopo.

Ni kopo la maziwa ya unga lililobanduliwa karatasi yake. Ndani mna vifuniko vya soda sitini na vinne, na kila kifuniko kina jina la mtoto mmoja kwa wino mzito. Vikigongana mle ndani, darasa la tatu lote hunyamaza, maana hakuna ajuaye nani atatoka.

"Nusu ya nusu ni nini?" anauliza. Anaingiza mkono huku ametazama darini, anatoa kifuniko, anasoma jina.

"Ayaaa!" analalama mtoto wa mbele aliyetaka atoke yeye. Nyuma kabisa mwingine anashusha pumzi, maana alikuwa akiomba asitoke.

Zamani mwalimu huyu hakuwa na kopo. Zamani alikuwa na macho, na aliyaamini. Miaka ishirini na mmoja amesimama mbele ya ubao, na kama ungemwambia kwamba kuna watoto asiowaona, angekuuliza umelala wapi.

Yaliyomfumbua macho ni masomo. Miezi miwili iliyopita alimaliza shahada ya uzamili ya elimu, ile inayosomwa kwa mtandao na walimu wasioweza kuacha kazi. Ana miaka arobaini na sita, watoto wawili, mume seremala, na mama mzazi anayeishi naye.

"Sasa napumua," anasema, akijipangusa chaki kwenye sketi. "Nilikuwa nimesahau kwamba Jumamosi nayo ina mchana."

Chuo chake kilikuwa jikoni. Kila Jumamosi saa nane, mhadhiri alipotokea kwenye simu, mwalimu alikuwa mbele ya jiko, sikio moja kwa mhadhiri na jingine kwa sufuria. Mumewe alimchongea kisimamio cha simu kutokana na vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kabati la mteja. Kilikuwa imara kuliko kabati lenyewe, mke anasema, na mume akisikia hivyo hununa kidogo.

Mwanzo ulikuwa mgumu kama mwanzo wowote. Siku ya tatu, mhadhiri akiwa katikati ya maelezo, walimu arobaini wa kila upande walisikia sauti kali: "Shuka hapo! Nimekwambia shuka, huna hata haya!"

Mhadhiri akasimamisha maelezo. Akavua miwani. "Kuna tatizo, mwalimu?"

"Samahani sana. Nilikuwa namwambia paka."

Alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti. Tangu siku hiyo wanafunzi wenzake wakamwita Mama Paka, na mpaka leo kwenye kundi lao la simu ndilo jina lake.

Nyumbani nako hakukuwa na huruma. Binti yake wa miaka kumi na minne alijipa kazi ya ukaguzi. "Mama, umefanya kazi ya nyumbani?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ni jibu la mtu ambaye hajaanza. Si wewe uliyetufundisha?"

Mama akaenda kuanza.

Mwaka wa pili mama yake aliugua, na mwalimu akasimamisha masomo mwaka mzima ili amuuguze. Mama akapona. Lakini chuo kinatoa miaka mitatu tu, hakiongezi hata siku, na mmoja ulikuwa umekwenda. Kwa hiyo alipofika kwenye kazi ya mwisho, hesabu ilikuwa nyepesi: akifaulu, amemaliza. Akianguka, hana mwaka wa kurudia, na yote aliyoyafanya mbele ya lile jiko ni maji yaliyomwagika.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: jirekodi video ukifundisha somo moja, kisha uandike kurasa kumi ueleze ulichokiona katika ufundishaji wako.

Jumanne moja aliweka kile kisimamio juu ya kabati la vitabu, akafundisha nusu na robo kama siku zote. Hiyo ilikuwa ya kujaribu tu, aone kama simu haitaanguka. Ya kutuma aliirekodi Alhamisi, na hiyo aliiandaa. Mwenzake wa chumba cha pili, ambaye shule nzima humwita Mwalimu wa Hesabu, ndiye aliyempa shauri.

"Dada, mgeni hapewi chakula cha jana," alimwambia. "Wapange watoto. Maswali wayajue, majibu wayajue, na mikono yote juu."

Wakapangwa, wakapangika. Walipangika mno. Mwalimu alipofika swali la tatu, kabla hajafungua kinywa, kijana mmoja wa mbele alisimama akatangaza, "Robo, Mwalimu!" Jibu lilitangulia, likabaki swali kulifuata.

Hata hivyo mwalimu aliridhika. Akaandika kurasa kumi kwamba darasa lote lilishiriki, akapakia video kwenye tovuti ya chuo, akafunga simu, akaenda kuoga.

Siku ya nne ulikuja ujumbe wa mhadhiri. Mwalimu anaukumbuka neno kwa neno. "Video yako na maandishi yako ni kama watu wawili wasiofahamiana. Nimetazama mara mbili. Una mpaka Ijumaa saa sita mchana unieleze."

"Nilirudi kwenye tovuti," anasema. "Nikafungua nione kuna nini. Kumbe nimetuma ya Jumanne."

Video mbili, kila moja imeitwa kwa tarakimu ndefu kama namba ya injini, na yeye akabonyeza isiyo yenyewe. Mwalimu wa Hesabu alipoelezwa, alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Hilo nalo la kukunyima usingizi? Mwambie simu imekuchezea. Tuma ya Alhamisi, imekwisha. Wala hutakuwa umedanganya!"

Ni kweli, asingekuwa amedanganya. Ndiyo maana Jumapili baada ya chakula alikaa sebuleni kuzitazama zote mbili, asije akakosea tena. Mama yake alikuwa kando yake, ungo wa mchele mapajani, anachambua.

Bibi huyu aliishia darasa la tatu. Anasoma herufi kubwa, na hana haraka na jambo lolote duniani. Mchele wa kilo moja anaweza kuuchambua kutwa, na ukiupika hutatafuna jiwe.

Wakaanza na ya Alhamisi. Bibi akatazama kidogo. "Hawa watoto wanasoma au wanaimba?"

"Wanasoma, Mama."

"Haya." Akarudi kwenye mchele.

Ikaja ya Jumanne. Safari hii vidole vyake vilisimama juu ya ungo. Akatazama mpaka karibu na mwisho, kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei. "Mwanangu, yule wa dirishani amekukosea nini?"

"Yupi?"

"Rudisha nyuma. Huyo hapo. Mwenye sweta lililopungua mikono."

Mwalimu akarudisha. Kule pembeni, safu ya dirishani, kuna msichana mdogo amenyoosha mkono. Swali likapita, akaushusha. Likaja jingine, akaunyoosha tena. Mwalimu wa kwenye video anaandika ubaoni, anageukia upande wa mlango, anachagua mtoto wa upande wa mlango. Kila mara anageukia kulekule.

"Nimemhesabia mara tisa," Bibi akasema. "Mwangalie sasa, mkono umechoka."

Mara ya saba msichana yule alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, ameutegemeza kwenye kiwiko usianguke. Mara ya tisa aliunyoosha nusu. Baada ya hapo akalaza kichwa juu ya daftari.

Mwalimu alichukua kalamu akahesabu mwenyewe. Alikuwa ameuliza maswali kumi na tisa. Kumi na saba alikuwa amewapa watoto wa upande wa mlango, na mawili wa katikati. Safu nzima ya dirishani, watoto ishirini na mmoja, hakuitwa hata mmoja.

"Si kwamba nilimchukia," anasema. "Mtoto mzuri tu, mtaratibu. Kwenye ripoti yake nilikuwa nimeandika 'hashiriki darasani'. Niliandika mimi, kwa mkono wangu!"

Bibi alikuwa ameurudia mchele. "Mkono ukichoka kunyooshwa," akasema bila kuinua macho, "miguu nayo huchoka kwenda shule."

Mwalimu alimtazama mama yake aliyeishia darasa la tatu. Kwao siku zote ilisemwa aliacha kwa sababu ya kulea wadogo zake. Sasa hakuwa na hakika tena. Mchele ukaendelea kusikika unapita kwenye ungo.

Jumatatu Mwalimu wa Hesabu alimkuta chumba cha walimu anaandika kwa kasi.

"Umeshaituma?"

"Situmi. Hiyohiyo ya Jumanne ibaki. Naandika upya kurasa kumi."

"Unaandika nini?"

"Ninachokiona."

Akamsomea kidogo. Mwenzake akavuta kiti akakaa. "Dada, na Mungu wako! Unajifunga kamba shingoni halafu unampa mtu ashike ncha? Wewe huna mwaka wa kurudia!"

"Najua."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu nikituma ile nyingine, nitafaulu kwa somo ambalo sijawahi kulifundisha. Na yule mtoto atabaki palepale."

Alituma Ijumaa saa tano na dakika arobaini. Wiki tatu zilizofuata anasema zilikuwa ndefu kuliko ile miaka. Sufuria ziliungua. Hata paka alipanda mezani akala samaki mzima, asikaripiwe.

Lakini darasani alikuwa ameshaanza. Aliwaomba watoto vifuniko vya soda, akatarajia vichache, wakamletea gunia. Siku ya kwanza ya kopo, kifuniko cha nne kilikuwa cha msichana wa dirishani. Alisimama, akatazama nyuma kama kuna mwingine mwenye jina lake.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, mama. Nakusikiliza."

Akakosea. Mwalimu akamwachia muda. Darasa likasubiri, mpaka kijana wa "Robo, Mwalimu!" akaanza kujinyonganyonga kwa jibu lililomjaa mdomoni. Msichana akatazama karatasi aliyoikunja, kama wenzake, kupima nusu na robo, akaikunjua, akaikunja tena mara mbili. Safari ya pili akapata. Mwalimu anasema hajawahi kusikia neno "robo" likitamkwa kwa sauti kubwa namna ile.

Matokeo yalikuja Jumatano, yeye akiwa zamu, anasimamia foleni ya watoto bombani. Simu ilitetemeka mfukoni, akashindwa kuitazama. Akamkabidhi Mwalimu wa Hesabu. "Nisomee. Kama ni mabaya, usiniambie mbele ya watoto."

Mwenzake akasoma kimya, amekunja uso kama anakokotoa.

"Sema basi!"

"Ngoja."

"Utaniua wewe!"

"Themanini na nne," akasema. "Umemaliza, dada. Umemaliza kabisa."

Akajibwaga juu ya ndoo iliyokuwa karibu akidhani ina mfuniko. Haikuwa nao, na ilikuwa imejaa. Foleni nzima ikaangua kicheko, naye akabaki amekaa mlemle ndani ya maji, anacheka na kulia pamoja, mpaka watoto wawili walipomvuta mikono.

Mhadhiri alikuwa ameongeza mistari miwili. Andiko la kwanza, aliandika, lingepata alama ya kupita na asingelikumbuka. La pili lilimfanya achukue video zake mwenyewe za kufundishia na kuanza kuhesabu.

Nyumbani Bibi alipopewa habari alisema, "Alhamdulillahi," kisha akauliza kama nguo zimeanikwa.

Msichana wa dirishani hajageuka gwiji. Anapata, anakosa, kama wengine. Lakini ile ripoti imeandikwa upya, na mama yake anasema siku hizi ndiye anayewaamsha watu nyumbani asubuhi.

Na sasa? Watu wengi wanadhani mwalimu mwenye shahada hiyo atataka ofisi yenye pazia. Yeye anatikisa kichwa. Anataka kuketi nyuma ya madarasa ya wenzake, wakikubali, na kile kisimamio cha mumewe, arekodi somo la kawaida lisilopangwa, kisha watazame pamoja na kuhesabu. Mwalimu Mkuu amempa saa mbili kila wiki. Walimu watatu wameshajiandikisha, na wa kwanza ni Mwalimu wa Hesabu.

"Njoo Jumanne," anamwambia bombani, akijifanya hajali. "Lakini kwa sharti moja, dada. Usije na mama yako."

"Nakuja naye," anajibu Mwalimu Kopo. "Mtayarishie kiti, upande wa dirisha."