Jana Mtoto Alikuwa Wapi

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga kule Muthangari, lakini kazi yenyewe ilikuwa Dagoretti, karibu na machinjio, ambako tuliendesha kituo cha kulelea watoto. Mwanzilishi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mkakamavu ambaye sote tulimwita Mwalimu, hata mlinzi wa getini. Alikianzisha kwa ajili ya akina mama wanaoosha matumbo machinjioni, ili wasiwafungie watoto ndani wakienda kazini. Mimi nilikuwa afisa wa tathmini. Kazi yangu ilikuwa kujua kama kituo kinasaidia kweli au tunajidanganya tu.

Kila mwaka tulizunguka nyumba kwa nyumba na maswali yetu. Tulivaa fulana zenye nembo ya kituo, na mkononi tumebeba pakiti za unga, maana kwetu huingii kwa mtu mikono mitupu. Majibu yalikuwa matamu ajabu. "Mko sawa kabisa, Mungu awabariki." Nani atakusema vibaya na unga wako uko pale mezani? Ripoti ikatoka imejaa sifa, na wafadhili wakafurahi hadi wakaahidi kutujengea jengo la pili.

Mwalimu aliisoma akiwa ameteremsha miwani hadi ncha ya pua.

"Hapa hakuna hata mtu mmoja amelalamika," akasema.

Nikamwambia, si hiyo ndiyo habari njema? Akanitazama kama mwanafunzi aliyeshikwa akinakili mtihani.

"Mimi nimefundisha, mama. Darasa zima likipata zote, maswali ndiyo mabovu."

Basi akaturudisha Dagoretti. Safari hii bila fulana, bila unga, na swali moja tu: jana ulipotoka kwenda kazini, mtoto alikuwa wapi? Nilinung'unika njia nzima. Wafadhili wako mlangoni, sisi tunauliza watu mambo ya jana!

Nilibisha kwa mama mmoja kijana, mwosha matumbo, ambaye mara ya kwanza alitusifu kuliko wote. Nilipomuuliza alisita, akaangalia mlango wake.

"Nilimfungia," akasema.

Kazi ya matumbo huanza alfajiri, kumbe sisi tulikuwa tunafungua jua limeshapanda. Nilikobisha kwingine, waosha matumbo wenzake walijibu vivyo hivyo. Kituo kilijaa kila siku, ndiyo, lakini hatukuwahi kujiuliza kimejaa watoto wa nani. Kilijaa watoto wa wenye maduka na vibanda vya mitumba. Wale tuliowaanzishia kituo walipita mbele ya geti letu gizani, likiwa limefungwa.

Mwalimu alipoyasikia hayo alivua miwani akalia, mbele yetu sote, bila kujificha. Kisha akaniambia niandae mkutano na wafadhili.

Njiani kwenda Spring Valley, kwenye ofisi za wafadhili, nilimsihi. "Mwalimu, si waweke sahihi kwanza? Tutarekebisha polepole."

"Halafu watujengee mahali pa pili pa kuwakosa watu walewale?"

Akasimama mbele yao akasema ripoti yetu haikuwa ya kweli. Watu hawakutudanganya kwa ubaya, akasema, walituheshimu, na sisi tukachukua heshima yao tukaiita ushahidi. Akaomba pesa za jengo ziende kwa walezi wa alfajiri. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Lakini hata nikiwa na hasira hivyo, nilijua sijawahi kuona mtu jasiri kama yule. Alikuwa anaweka rehani kazi ya maisha yake, na sauti haikumtetemeka.

Mkuu wa wafadhili, mama wa maneno machache, alijibu kwamba jengo la pili limesitishwa kwanza. Watalipia walezi wa alfajiri kwa majaribio, kisha atakuja mwenyewe kuona. Kama waosha matumbo hawaleti watoto, msaada wote umekwisha, na kituo kitafungwa.

Tukaanza kufungua alfajiri, naye akaja siku moja mchana, wakati akina mama wanachukua watoto. Nilimwona yule mama kijana akiingia na gambuti zake za mpira miguuni, nikamwomba Mungu kimoyomoyo amfungue kinywa vizuri. Mfadhili akamuuliza anaonaje kituo.

"Uji yenu ni maji tu," akasema. "Na huyo mlezi wa asubuhi anaongea na simu sana. Tena hiyo choo, mtaitengeneza lini?"

Nikafumba macho. Niliposikia makofi nilidhani nimechanganyikiwa. Alikuwa Mwalimu, anapiga makofi, uso wote umechanua. "Sema, mama! Hayo ndiyo nilikuwa natafuta! Endelea!"

Mfadhili hakucheka. Akainama kidogo, akauliza lile swali letu, polepole: jana ulipoenda kazini, mtoto alikuwa wapi?

Yule mama alikuwa tayari anamfunga mtoto mgongoni. Akageuka akamtazama kama mtu aliyeuliza jambo la ajabu.

"Si hapa? Kwani angekuwa wapi?"