Unga wa Matanga, Mwisho Saa Tatu

Mwaka wa 1979, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alikufa kijijini kwetu Osukuru, na shule yangu ikaishia hapo. Mama alijitwika mahindi ya matanga akayapeleka mashineni Tororo mjini. Wenye magunia ya biashara walikuwa mbele yake, na mwenye mashine hakumtazama. Waombolezaji walikaa na njaa mpaka jua likazama. Wazee wa ukoo waliondoka bila kula, na maneno waliyosema juu ya mama njiani nayakumbuka hadi leo.

Kwa hiyo nilipopata mashine yangu mwenyewe hapa Busia, baada ya miaka ya kuvusha magunia ya watu mpakani kwa mgongo wangu, niliweka sheria moja tu. Mwenye matanga hapangi laini. Akifika, wengine wote wanasimama, anasagiwa yeye, anakwenda zake. Sikumuuliza mtu ushauri. Mashine ni yangu.

Wachuuzi wa upande wa Kenya walinung'unika. Mmoja, mwanamke mwenye mdomo, alikuwa akipiga kelele kutoka nyuma: "Mzee, nyinyi watu wa Uganda mbona mnakufa siku ya soko tu? Jumapili mnaogopa nini?" Watu wanacheka, hata mwenye matanga anacheka, halafu anasagiwa.

Binti yangu wa mwisho aliajiriwa kwenye kiwanda kimoja upande wa Tororo. Kiwanda kikawapeleka wafanyakazi kwenye mafunzo ya kurekebisha kazi kwa takwimu. Ngazi ya kwanza ni ya kukaa darasani tu. Ngazi ya kati ndiyo ngumu: lazima uchukue kazi halisi, uipime, utafute kinachoichelewesha, ukirekebishe, kisha upime tena uonyeshe kwamba mambo yamebadilika. Bila cheti hicho angebaki kwenye kupakia mifuko. Akiwa nacho, angekuwa msimamizi wa zamu. Kazi za kupima mle kiwandani wenzake walikuwa wameshazigawana, basi mkufunzi akamkubalia apime mashine ya baba yake.

Akaja na saa na karatasi, akakaa juu ya gunia, akapima. Mimi nilisoma madarasa machache, lakini mchoro alionionyesha niliuelewa mara moja. Mstari wa dakika ambazo watu walingoja ulikuwa unapanda na kushuka kama meno ya msumeno.

"Baba, hapa juu ni matanga. Na hapa. Na hapa pia."

"Watu wanakufa. Nifanyeje?"

"Wengine hawafi. Kuna mama amefiwa na shemeji yuleyule mara mbili mwezi huu."

Mke wangu, aliyekuwa akishona midomo ya magunia, alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Alipoiokota akaniambia, "Msikilize mtoto. Ila wewe unajua ulikotoka." Akaendelea kushona.

Nilifikiri siku kadhaa. Halafu nikaita mchoraji, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: UNGA WA MATANGA MWISHO SAA TATU ASUBUHI. Ukija baada ya hapo, unapanga laini kama wengine. Mstari wa binti yangu ukalala. Wachuuzi wakaongezeka, nikanunua mashine ya pili. Mkufunzi alikuja, akaona, akampa mkono mbele ya watu. Cheti kilipotoka nilichinja mbuzi. Mtoto wa mtu asiyejua kuandika barua, na anapewa cheti cha takwimu! Nilitembea na cheti kile sokoni kama mgonjwa wa akili.

Lakini watu hawachagui saa ya kufa. Waliofiwa mchana walianza kwenda kwenye mashine nyingine, kule barabara ya Masaba. Sikuliona hilo. Laini yangu ilikuwa safi, na macho yangu yalikuwa kwenye laini.

Mke wangu alifariki mwaka jana, siku ya soko, mchana. Presha. Nyumba yangu iko nyuma tu ya mashine, hivyo kilio kilifika kule kabla ya mjumbe. Msagaji wangu, mtu niliyefanya naye kazi tangu mwanzo, aliwaondoa wachuuzi wote, akawasha mashine, akasimama akingoja mahindi ya matanga ya mke wangu. Nilikaa uani nikiisikia ikizunguka tupu. Mahindi hayakuja.

Jioni majirani walileta unga, kila nyumba na wake, kama desturi ilivyo. Nikatia mkono kwenye gunia moja. Unga wangu naujua kwa vidole. Ule haukuwa wangu.

"Huu mmesaga wapi?"

Mama mmoja jirani, aliyezaliwa kijiji kimoja na marehemu, aliinamisha kichwa. "Kule barabara ya Masaba, mzee. Saa tatu ilikuwa imepita. Hatukutaka kukuharibia laini."

Alisema kwa heshima kabisa. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Binti yangu alikuwa amesimama karibu, ameshika beseni. "Baba, nikafute pale ukutani?"

"Acha. Hesabu yako ilikuwa sawa."

"Hili sikulihesabu."

"Hukuulizwa, mwanangu. Peleka unga jikoni, watu hawajala."

Baada ya mazishi niliupaka ukuta rangi kwa mkono wangu. Nimetangaza mpaka kanisani kwamba mwenye matanga hapangi laini, saa yoyote. Wanaitikia, "Asante, mzee," na wanaendelea kwenda kule walikozoea. Binti yangu sasa ni msimamizi wa zamu. Akija kunitembelea anakaa juu ya gunia, bila saa wala karatasi, anaangalia barabara kama kuna mtu anakuja.

Leo nina mashine mbili za kusaga, mizani moja, nyumba ya matofali, shamba Masinya lenye kaburi ndani yake, ng'ombe wanne, pikipiki ya kubebea mizigo, cheti cha binti yangu ndani ya fremu, na sindano ya kushonea magunia ambayo sijampa mtu.