Ufunguo wa Lori

Nimezaliwa Karatu, kwa wakulima wa ngano, na kuendesha nilijifunzia kwenye trekta la baba. Jeshini nilipelekwa kozi ya malori makubwa. Tulikuwa wanawake wawili tu, na nilishika nafasi ya kwanza. Kwa hiyo siku mkuu wa kikosi aliposoma kwenye gwaride mwongozo mpya wa usawa wa jinsia, kwamba askari atapangiwa kazi kwa uwezo wake, nilifurahi kama mjinga.

Haukupita muda, mvua ikabomoa nyumba za watu na kuharibu barabara ya Samunge. Tukaagizwa kupeleka unga na mahema, nami nikapangwa dereva. Wageni kutoka makao makuu walikuja kutuaga. Nikapandishwa kwenye usukani, nikaambiwa nitabasamu, nikapigwa picha. Wageni walipoondoka tu, sajenti akanyoosha mkono, askari mmoja wa kiume amesimama kando yake.

"Lete ufunguo, koplo. Njia ya kule mbaya."

"Afande, huyu unayempa hajawahi kuendesha lori hili."

"Wewe utasaidia jikoni tukifika. Watu lazima wale."

Nikampa. Nilisafiri nyuma, juu ya magunia.

Kwenye korongo moja kabla ya Samunge, dereva alikosea gia. Lori likarudi kinyumenyume, likalala ubavu. Askari mwenzetu alivunjika mguu. Alipiga kelele mpaka wafugaji wa jirani wakaja mbio. Mama mmoja wa Kimasai aliyemshikilia kichwa aliniuliza kama na sisi wanawake tunaendesha haya magari.

Ripoti iliandikwa kwamba barabara iliteleza. Nikaandika malalamiko, kwa utaratibu uleule wa mwongozo. Jibu lilikuja kwa heshima: nimeteuliwa mratibu wa jinsia wa kikosi. Nikapewa meza, na tangu hapo sijapangiwa gari tena.

Mwaka uliofuata binti mmoja, askari mpya, aliingia ofisini kwangu. Alitaka kozi ya ufundi wa magari. Nilijua nafasi zote zimeshagawiwa wavulana.

"Subiri, mdogo wangu," nikamwambia. "Zamu yako itafika."

"Ndiyo, afande."

Alisubiri miaka miwili, kisha hakuongeza mkataba. Siku hizi anauza vitunguu sokoni Karatu. Nikipita husimama wima kunisalimia, nami hununua haraka haraka, naondoka bila kumwangalia usoni.