Kutoka Paris Mpaka Bruxelles

Binti yangu aliniambia kwa simu kwamba kutoka Paris mpaka Bruxelles ni saa moja na nusu tu kwa treni. Yeye alikuwa Bruxelles na mimba yake ya kwanza, tumbo limeshashuka, na mumewe alikuwa anafanya kazi Paris. Mpango wao ulikuwa huu: uchungu ukianza, mume anapigiwa simu, anapanda treni, anafika. Nikamwambia huo si mpango, ni mchezo wa batoto.

Mimi ni muntu wa Kamembe. Nimeuza samaki Bukavu ujana wangu wote, na Bukavu, ingawa ni nchi nyingine, naiona nikiwa nimesimama mlangoni kwangu. Lakini siku nilipomzaa huyu binti, baba yake alikuwa ng'ambo, jioni bariera ya mpakani ikafungwa, hapiti mtu tena mpaka asubuhi, basi. Alilala kule akiangalia taa zetu. Nikajifungua nikiwa nimeshikwa mkono na jirani, na hasira ile haijaniisha mpaka leo. Ndiyo maana kwetu, ukiwa na jambo la maana ng'ambo, unakwenda kulala hukohuko. Umbali si kitu, kazi iko kwenye kuvuka.

Binti akacheka sana. Akasema huko hakuna bariera, hakuna askari, hakuna muhuri, treni inapita tu. Nikamuuliza mpaka wenyewe basi uko wapi. Akasema hata yeye hajawahi kuuona. Nchi mbili bila bariera? Nikajua wazungu wamemdanganya mtoto wangu.

Sasa, kwetu mama mkwe hamsemeshi mkwe wake ovyo. Tangu harusi, huyu kijana nilikuwa namtumia salamu kupitia kwa binti, naye anajibu vivyo hivyo, kila mtu na heshima yake. Siku hiyo heshima niliiweka pembeni. Nikampigia mwenyewe, tena saa za kazi. Aliposikia ni mimi akashtuka, nadhani alifikiri kuna msiba.

"Papa," nikamwambia, maana kwetu hata mkwe tunamwita hivyo kwa heshima, "leo ulale Bruxelles. Na kesho pia. Mpaka mtoto atoke."

Akaanza kunieleza habari za kazi, na treni zilivyo nyingi. Nikamwacha amalize, kisha nikanyamaza. Mkwe gani atashindana na kimya cha mama mkwe? Jioni ileile akapanda treni. Binti akanipigia kulalamika kwamba nimemwaibisha, nikamwambia akalale.

Alfajiri simu ikalia. Uchungu ulikuwa umemshika ghafla, kabla ya siku zake, na mtoto ameshazaliwa wakati treni ya kwanza ya kutoka Paris bado haijaondoka. Aliyepiga alikuwa mkwe mwenyewe. Nyuma yake nilisikia kichanga kinalia.

"Maman," akasema, "nilikuwepo. Nimemshika mimi, kabla ya mtu mwingine yeyote."

Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakafungua milango. Habari ya bariera nilikosea, sawa, hakuna bariera, na sijali hata kidogo. Mzee wangu, yule yule aliyelala ng'ambo siku ile, akaniomba simu ampongeze mkwe wake. Akaishika sikioni, akawa analia tu.