Babu Aliyezikwa Ziwani

Semina ya siku tatu niliyohudhuria Kigoma mjini ilinifundisha mambo mawili: kwamba katika elimu ya wananchi mwalimu naye ni mwanafunzi, na kwamba bila bango kitita hakuna ukombozi. Nilirudi Buzebazeba na bango kitita moja, kalamu nene nne na kiburi cha mtu aliyepewa cheti. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi nikaingia kwenye dagaa, na subira sikuwa nayo huko wala huku.

Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake kumi na wawili, waanikaji wa dagaa kwenye mwalo mmoja wa kushushia samaki, upande wa Ujiji. Halmashauri ilikuwa inagawa chanja za waya ili tuache kuanika mchangani, lakini kwa vikundi vilivyosajiliwa tu, na kikundi hakisajiliwi mpaka kila mwanachama awe na namba ya kitambulisho cha taifa. Kumi na mmoja tulikuwa nayo. Asiyekuwa nayo alikuwa Mama Mdogo.

Tulimwita Mama Mdogo kwa sababu ya kimo, maana kwa umri alitupita wote. Alizaliwa Ujiji, baba yake alizaliwa Ujiji, na babu yake alivuka kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, zamani hizo mpaka ukiwa haujajijua kwamba ni mpaka. Ndiye aliyetufundisha sisi wengine kugeuza dagaa kabla hawajaungua upande mmoja. Kila alipokwenda kuomba namba aliambiwa arudi na uthibitisho zaidi. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akatushauri tumfute kwenye orodha ili mambo yaende. Nilimjibu kwa maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyajua.

Mama Mdogo mwenyewe hakujali sana chanja. Alichoogopa ni siku atakayoambiwa arudi kwao, maana kwao anakokujua ni hapo hapo, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Aliliwaza jambo hilo hadi akawa anasahau kula, nasi tulimwona akipungua, mtu ambaye hakuwa na cha kupunguza.

Basi nikaanzisha darasa. Kila Alhamisi mchana, dagaa wakishageuzwa, tulikaa kwenye kivuli cha kibanda cha nyavu tukafanya mazoezi ya kuhojiwa. Mimi nilikuwa afisa. Nilivaa miwani, nikakalia ndoo iliyopinduliwa, nikauliza maswali yote ambayo watu walisema wamewahi kuulizwa: diwani wako nani, imba wimbo wa taifa, hawa samaki wanaitwaje.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mwenyekiti wetu, Mha kwa baba na mama, mwanamke anayetembea kana kwamba mkoa ameurithi.

"Wewe ni Mtanzania?" nikamuuliza.

"Ego."

Wanawake wakaguna. Nikamwonyesha dagaa.

"Na hawa?"

"Ndagala."

"Mrundi huyo," akasema mmoja kutoka nyuma. "Andika, afisa."

Mwenyekiti akasema hicho ni Kiha, kufanana na Kirundi si kosa lake, wala yeye hajawahi kuvuka hata mto Malagarasi. Nikamwambia kila mtu husema hivyo. Kwenye wimbo wa taifa aliimba ubeti wa kwanza mara mbili, akidhani hatutagundua. Tukapiga kura, na kwa kura nane kwa mbili tukamfukuza nchini. Alikwenda kukaa nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, uhamishoni, mpaka tulipomwita kusaini mahudhurio. Mama Mdogo alijibu yote. Aliimba beti zote mbili, akataja diwani wa sasa, wa kabla yake, na aliyeshindwa kwa kura chache akalia hadharani.

Niliona huo ndio wakati wa elimu yenyewe. Nikaandika kwenye bango kitita: NANI ANAAMUA NANI NI NANI? Nililipenda sana swali hilo. Mama mmoja akauliza kama herufi zinaweza kuwa kubwa zaidi, na mjadala ukaishia hapo. Lakini darasa lilizaa azimio moja, tena halikutoka kwangu. Waliamua kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mwenzetu atakayekwenda ofisini peke yake.

Tulikwenda kumi na wawili. Tulijaza benchi, kisha sakafu, na kwa kuwa tulitoka kazini, afisa wa kweli alifungua madirisha yote. Alikuwa mtu mpole, mgeni mkoani, kutoka mikoa ya kati ambako maji hukaa kwenye ndoo. Alimwamkia Mama Mdogo vizuri, akafungua faili. Hakuuliza diwani. Hakutaka wimbo. Mama Mdogo alikuwa ameshasafisha koo, ikabidi akohoe tu.

"Babu yako mzaa baba amezikwa wapi?"

"Ziwani."

"Pole, mama. Alizama?"

"Hapana. Alikufa kwa homa, kitandani kwake. Yuko makaburini."

"Makaburi yako wapi?"

"Ziwani."

Afisa akaweka kalamu chini. "Mama, mlimzika majini?"

"Tulimzika nchi kavu, mwanangu. Ziwa ndilo lililomfuata."

Ilibidi nimweleze. Miaka michache nyuma ziwa lilipanda, likala mwalo wa zamani, likala nyumba za pwani na makaburi yaliyokuwa nyuma yake. Baadaye lilirudi nyuma kidogo, ila babu lilikuwa bado halijamrudisha. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, akasema ananielewa, lakini fomu inataka kaburi lionekane. Hapo hasira zikanipanda.

"Basi twende ukalione," nikasema.

Nilitegemea akatae. Maskini, akakubali.

Mvuvi mmoja alitubeba bure kwenye mtumbwi wake. Afisa alivaa jaketi la kuokolea maisha juu ya shati la kazini, na fomu aliitia kwenye mfuko wa plastiki. Mwenyekiti alikuja pia, kama mwakilishi wa Warundi, alivyojitambulisha mwenyewe. Tulikuwa bado tunaona watu ufukweni wakitucheka mvuvi alipozima injini karibu na kisiki cha mchikichi kilichosimama majini bila kichwa.

"Hapa ni kata gani?" afisa akauliza, kalamu mkononi.

Tuliyatazama maji wote. Akaacha nafasi hiyo wazi kwenye fomu.

Kisha akainama, akashika ukingo kwa mikono miwili. "Naona tofali," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Tofali zimepangwa."

"Ndilo," akasema mwenyekiti upesi. "Ndilo hilo."

"Ndilo kabisa," nikasema mimi, ambaye sikuwahi kuliona kaburi hilo maishani.

Mama Mdogo alichungulia. "Hicho ni choo cha jirani yetu," akasema.

Nilimkanyaga mguu. Afisa akauliza kama tuna uhakika. Mwenyekiti akasema macho ya wazee huchanganya mambo. Mama Mdogo akajivuta akakaa wima, na hapo ndipo nilipomwona mkubwa. Alisema miaka yote ameitwa mgeni akanyamaza, lakini babu yake hataandikwa chooni ili yeye apate namba. Kama ni hivyo, turudi.

Nilitaka kumtosa majini. Nilitaka pia kumpigia magoti.

Akamwelekeza mvuvi: kutoka kwenye kisiki, hatua kumi na mbili kuelekea msikitini. Mtumbwi hauendi kwa hatua, kwa hiyo alizihesabu kwa sauti huku mvuvi akisukuma taratibu kwa upondo. Maji hapo yalikuwa na tope, hayaonyeshi kitu. Kaburi lilikuwa na mawe mawili tu, moja kichwani na moja miguuni. Mvuvi akachoma upondo mara ya kwanza, mchanga. Mara ya pili, mchanga. Mara ya tatu uligonga jiwe, tukasikia hadi kwenye mbao tulizokalia. Akasogea kidogo, akachoma, ukagonga tena.

Afisa akaomba upondo. Akauzamisha mwenyewe, akagonga kichwani, akagonga miguuni, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Kisha akatoa fomu. Palikuwa na sehemu mbili za kuchagua, *limeonekana* na *halijaonekana*. Akazikata zote mbili kwa mstari mnyoofu, akaandika pembeni: limeguswa. Kwa neno hilo namba ya Mama Mdogo ilitoka, ingawa masika yote yalipita kwanza, na chanja tukapata.

Lakini siku ile hatukuwa tunajua hayo. Mama Mdogo alifungua viganja. "Assalaam alaykum, babu," akasema chini chini. "Nimekuja na Serikali." Akasoma Fatiha. Afisa, ambaye shingoni alikuwa na msalaba, aliitikia amina kwa nguvu kuliko sisi wote. Nililia, na sioni haya kusema.

Tulipokuwa tunarudi, Mama Mdogo alikuwa mwepesi, anataka mazungumzo. Akanigeukia.

"Na wewe, mwalimu, babu yako mzaa baba yuko wapi? Tukamsalimie naye."

"Kidahwe," nikajibu papo hapo.

Sikuwa na uhakika. Kidahwe, huku huku Kigoma, ndiko tulikokuwa tukienda likizo, basi nikadhani na yeye yuko huko. Nilipofika nyumbani, kabla hata sijanawa miguu, nikampigia mama yangu simu.

"Babu yako?" akasema. "Hayuko Kidahwe. Alikwenda kulima Burundi, akafia huko huko. Hatujui hata walimzika wapi."

Kitambulisho changu kilikuwa mezani, mbele yangu, na nilikuwa nacho tangu siku za mwanzo kabisa za kuandikishwa.

"Kwani kuna mtu anauliza?" mama akasema.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hakuna aliyewahi kuuliza."