Fosfeti ya Mwali

Nilipowekwa ndani kule kwetu Marui, Kisarawe, zilikuwa zimebaki siku tisa niolewe na siku tano nirudie mtihani wa baiolojia chuoni Kibaha. Nilishaanguka mara moja. Nikianguka tena, chuo basi. Lakini mwali hatoki nje, na kungwi wangu, shangazi yake baba, hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Kutwa ananisugua liwa, mimi nimeficha daftari chini ya kanga. Siku ya pili akalikamata.

"Mwali na madaftari wapi na wapi?"

"Bibi, nasoma seli inavyogawanyika. Narudia mtihani wiki hii hii."

Nikaona bora nimweleze, huenda akalainika. Nikamwambia ndani ya seli kuna kimeng'enya kinachoiamuru igawanyike. Mtihanini niliandika kwamba kikishatengenezwa tu kinaanza kazi. Wapi! Kikishatengenezwa kinabandikwa vijipande vya fosfeti, kimoja cha kukiandaa, kingine cha kukizuia. Kinakaa hivyo hivyo, kizima, hakifanyi kitu, mpaka kije kimeng'enya kingine kukibandua kile kizuizi.

Akacheka mpaka liwa ikamwagika. "Sasa hilo nalo la kwenda kusomea Kibaha? Hina tumekupaka, hiyo imekuandaa. Kanga ya usoni ndiyo inakuzuia. Siku ikifika naifunua mwenyewe. Ulishindwa nini hapo?"

Nilishikwa na hasira, maana mhadhiri alilieleza muhula mzima nisimwelewe. Nikataka kuomba ruhusa ya kwenda mtihanini hapo hapo, akanitangulia.

"Na kikibanduliwa kabla ya wakati?"

Mdomo wangu huu! "Seli inagawanyika haijakamilika, bibi. Inaharibika."

"Umesema mwenyewe. Kaa ndani."

Nilijipalia makaa. Nikalia siku mbili, sili, nikiiona miaka yangu ya chuo inapotea hivi hivi.

Alfajiri ya mtihani akanipiga kofi mguuni. "Amka. Kanga usoni huitoi mpaka niseme mimi."

Tukaenda Kibaha nimegubikwa gubigubi, naongozwa mkono, watu njiani wakimpa pole ya kuuguza. Mlangoni pa chumba cha mtihani, mbele ya msimamizi na wenzangu wote, akanifunua.

"Haya, kimeng'enya, kafanye kazi!"

Walivunjika mbavu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Swali likaja lile lile. Niliandika mpaka kidole kikauma, na kila nikiinua macho namwona dirishani, amekaa kwenye ngazi, kanga yangu mapajani. Nilipotoka sikuhitaji kungoja matokeo. Nilimkumbatia, nikalia kama mtoto, nikamwambia nimeweza, bibi, nimeweza.

Akaniacha nilie kidogo. Kisha akanirushia kanga usoni.

"Fosfeti yako hiyo. Bado siku nne."